Huruma na Ukweli kwa Watumishi wa Miradi

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, nanyi wafadhili wetu,

Tumezoea kukutana na kuhesabu visima na mbuzi wa maziwa. Leo tunaomba tuwazungumzie watu wanaoifanya kazi hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo, katika kila mzunguko wa likizo, anapouguliwa au kufiwa na mtoto, au anapofiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mkubwa hakutajwa. Lakini wengi wetu tunajua nani alitulipia ada! Tena afisa aliyeko Songea akifiwa Bukoba, barabara peke yake inameza siku hizo. Kiongozi anayejibu "sheria ni siku nne" hajakosea, ila hajamwona mtu aliyesimama mbele yake. Hakuna sheria inayomkataza mwajiri kuongeza siku. Kwa hiyo kila kamati ipange mapema nani atakaimu, ili ruhusa isitegemee mkubwa kaamkaje, na wanakijiji nao wasikose huduma.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Ufadhili unapokaribia kwisha, mtumishi huuliza kama ataendelea na kazi. Wapo viongozi wanaojibu kwa tabasamu, "Mungu atafanya njia," huku barua ya kufunga mradi iko mezani. Tusimtwike Mungu barua ambayo sisi tumekwisha kuisoma. Kumwachisha kazi anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28. Kwa mzazi anayengojewa na ada za Januari, siku hizo ni chache mno. Akiambiwa mapema atatafuta kazi kwingine, hatachukua mkopo mpya SACCOS, atalima ekari moja zaidi. Ni kweli, wengine wataondoka kabla ya taarifa ya mwisho kuandikwa, nasi tutahangaika. Hasara hiyo tuko tayari kuibeba.

Ndugu wafadhili, ombi letu kwenu ni hili: mkishaamua kutoendelea na mradi, tuandikieni mara moja, hata kama hesabu za kufungia bado hazijakamilika. Barua hiyo tutaisoma mbele ya watumishi wote wiki hiyo hiyo, dereva na mlinzi wakiwemo.