Simu Mkononi, Shaka Moyoni



Dereva wa bodaboda anayetafuta nyumba ya mteja kwa ramani ya simu anaitumia nadharia ya Einstein bila kuitaja. Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita zipatazo 20,200, na huko juu saa zake hukimbia kuliko saa za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Kama wahandisi wasingeisahihisha tofauti hiyo, ndani ya siku moja ramani ingepotoka kwa kilomita kama kumi. Dereva hana haja ya kuyajua hayo. Anafika, analipwa, anaondoka. Jioni, kwa simu hiyohiyo, huenda akapokea ujumbe wa sauti unaodai kwamba chanjo fulani inawafanya watoto wawe tasa, akausadiki, akawarushia ndugu zake.

Wasomi wengi wana jibu tayari: watu hawakusoma. Jibu hilo halitoshi. Mwezi Aprili 2020 minara ya simu ilichomwa moto nchini Uingereza, nchi yenye vyuo vikuu vya kale na shule kila mtaa, kwa uvumi kwamba mawimbi ya 5G yanaeneza korona. Mmojawapo ulihudumia hospitali ya dharura ya Nightingale mjini Birmingham. Uvumi wenyewe ulisambaa kwa simu.

Mhadhara huu una dai moja. Mtu anayeishuku chanjo huku akiitegemea simu hajipingi kama inavyodhaniwa. Simu ameijaribu mwenyewe: amepiga, ikaita, ametuma pesa, zikafika. Ikiharibika anamjua fundi wa kumrudia, na duka la kulidai. Aliyechanjwa asiugue haoni kitu cha kushika, kwa sababu faida ya chanjo ni ugonjwa ambao haukuja. Hapo hana budi kumtegemea aliyeileta. Swali lake basi linahama kutoka kwenye dawa na kwenda kwa mtu: huyu ni nani, ametumwa na nani, na jana alikuwa wapi?

Hakuna mahali swali hilo lilipoulizwa kwa uchungu kuliko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Ebola ilitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, kisha ikaingia Beni, Butembo na Katwa. Butembo si kijiji kilichojitenga na dunia. Ni mji wa biashara, na matajiri wake huagiza bidhaa Dubai na China. Barabarani ni pikipiki, mkononi ni simu. Mwezi Septemba mwaka huo watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya kila wanne alisema Ebola haipo.

Kabla ya kuwacheka, tuitazame miaka waliyoipitia. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga na kupigwa risasi usiku, mauaji ambayo mengi yake yalihusishwa na waasi wa ADF. Walilia, na waliokuja kuwasaidia walikuwa wachache. Ebola ilipoingia, magari ya thamani yalijaa mjini, nyumba zikapangwa kwa dola, vijana wakaona ajira zikienda kwa wageni. Ikasemwa kwamba Ebola ni biashara. Ndipo Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi ikaahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi, na makanisa yalijaa. Rais mpya aliapishwa Januari 2019 kabla watu hao hawajapiga kura. Aliyekuwa akijiuliza kama ugonjwa huu ni mbinu ya kisiasa alijiona amepata ushahidi.

Matokeo yake yalikuwa ya kutisha. Siku moja baada ya tangazo la tume, waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili, Dakta Richard Mouzoko, raia wa Kamerun aliyetumikia Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Wahudumu wakaanza kusindikizwa na askari, na kila bunduki iliyoonekana nyuma ya gari la chanjo iliongeza shaka ile iliyokusudiwa kuizuia. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa.

Na bado, sayansi iliyofanyika humohumo ilikuwa ya hali ya juu. Chanjo iliyotakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri ilifikishwa kwenye vijiji visivyo na umeme, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Dawa nne zilijaribiwa katika vituo vya eneo hilo, na Agosti 2019 mbili zikadhihirika kuwa bora. Wagonjwa waliowahi kupewa moja ya hizo virusi vikiwa bado vichache mwilini, takriban tisa katika kila kumi walipona.

Mojawapo ya dawa hizo, mAb114, ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Nyuma ya historia yake yuko Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyefika Yambuku mwaka 1976 ugonjwa huo ulipokuwa haujapata hata jina, akachukua damu ya wagonjwa bila glavu. Huko Kikwit aliwaongezea wagonjwa wanane damu ya waliopona; saba wakaishi. Julai 2019 serikali ya Kinshasa ilimkabidhi uongozi wa mapambano yote. Mtu wa Beni aliyeambiwa kwamba dawa ni njama ya wageni angestahili kuijua habari hiyo tangu siku ya kwanza.

Kilichorudisha imani hakikuwa mabango. Shirika la kitabibu la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu, mama akamwona mwanawe kitandani, akazungumza naye, akaona kwamba hakuna anayemkata viungo kama uvumi ulivyodai. Waliopona, ambao miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Jirani aliyeingia kituoni mahututi akatoka akitembea alikuwa hoja isiyohitaji mkalimani. Watu walipewa nafasi ya kuijaribu dawa kwa macho yao, kama walivyokwisha kuijaribu simu.

Shaka nyingine ina msingi wake kwenye kumbukumbu. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa yake ya Trovan katika jaribio la watoto wapatao 200. Kumi na mmoja walikufa. Kampuni ilikanusha kwamba dawa ndiyo iliyowaua, lakini mwaka 2009 ilikubali suluhu ya dola milioni 75 na jimbo la Kano. Viongozi wa Kano walipoisimamisha chanjo ya polio mwaka 2003, kumbukumbu hiyo ilikuwa hai. Adhabu ya kususa ikawaangukia watoto: virusi vilisambaa kutoka kaskazini mwa Nigeria hadi nchi nyingine nyingi. Kano ilirejea mwaka 2004, baada ya kupata chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kama Kano yenyewe. Agosti 2020 Afrika ilithibitishwa kuwa imeondokana na polio ya asili.

Uvumi unaua, na anayeueneza kwa makusudi hana utetezi. Lakini mwanasayansi anayewaita watu wajinga, huku akichukua damu yao na kuondoka bila kuwapa majibu, naye anaulisha uvumi huo.

Wito wa mhadhara huu ni kwa chuo kikuu hiki chenyewe. Milango ya maabara ifunguliwe kwa wanafunzi wa shule za jirani na kwa wazazi wao. Fedha za kila utafiti zitengwe pia kwa ajili ya kurudisha matokeo kwa Kiswahili, redioni na kwenye mikutano ya vijiji. Na mtafiti kijana atakayetoka hapa kwenda kuchukua damu ya watu arudi kwao na majibu, ajibu maswali yao ana kwa ana, kabla hajapanda ndege kwenda kuyasoma majibu hayo Geneva.