Nani Aliyewasha Tangazo?

(Hotuba ya ofisi ya maendeleo mbele ya vikundi vya akina mama na vijana, Voi)

Wengine mmeshuka na matatu ya alfajiri kutoka Wundanyi, wengine mmetoka Mwatate na Kasigau, kwa hiyo hatutawachosha. Tunataka kuzungumza juu ya pesa zilizotoka katika kikundi kimoja tunachokisaidia bila mtu yeyote kuziiba, na jinsi tulivyokaribia kumharibia jina kijana wa watu.

Kikundi chenyewe husuka vikapu vya mkonge, kama wengi wenu. Sisi ndio tuliowashauri watangaze vikapu vyao mtandaoni. Kijana mmoja wa pale, aliyesomea kompyuta, akawafungulia akaunti ya matangazo, akaiunganisha na kadi, bajeti ikawekwa shilingi 300 kwa siku. Krismasi ikaja na maagizo yakaja. Kijana akaenda zake chuoni.

Januari mama mweka hazina akaangalia pesa za kununulia mkonge na rangi. Zaidi ya shilingi 15,000 hazipo! Siku ya Ijumaa mama mwenyekiti akashika simu akalizima tangazo kwa mkono wake mwenyewe. Jumatatu asubuhi linawaka tena. Jamani, ninyi mngefikiri nini? Kikao kikaitwa, na maneno yakawa kwamba kijana analiwasha akiwa huko huko chuoni, pengine ana chake anachopata. Na sisi wa ofisi, tuseme kweli, tulinyamaza. Kunyamaza kwetu kukahesabiwa kuwa tumekubali.

Basi, tulipotulia tulifanya kile tulichopaswa kufanya kwanza. Akaunti za namna hii, ziwe za Facebook au za Google, zina historia ya mabadiliko: siku, saa, kilichobadilishwa, na kilichokibadilisha. Tulipofungua ile ya Jumatatu, jina la kijana halikuwepo. Lililowasha tangazo ni kanuni ya kujiendesha.

Hebu tueleze. Kanuni ya kujiendesha ni agizo unaloiachia mashine: kama jambo fulani likitokea, fanya hivi, bila kuniuliza. Mnaijua Fuliza, iliyoanza mwaka 2019. Pesa ikiingia tu kwenye simu, deni linajilipa kabla hujakohoa. Ni mambo ya namna hiyo. Kijana alikuwa ameacha kanuni tatu, zote kwa nia njema kabisa.

Ya kwanza: kama ujumbe mmoja wa mteja uligharimu chini ya shilingi 30 jana, ongeza bajeti kwa asilimia 20. Hakuweka kikomo. Pigeni hesabu: 300 inakuwa 360, kisha 432, na ikiongezwa mara 7 inafika 1,075 kwa siku. Ikiongezwa mara 10 inapita 1,850. Tena kanuni ilihesabu jumbe, si vikapu vilivyouzwa. Mtu wa mbali akiuliza "bei gani?" halafu akapotea, kwa mashine huyo ni mteja mzuri wa bei rahisi.

Ya pili ndiyo iliyotufundisha zaidi. Ilisema ujumbe ukipita shilingi 60, zima tangazo. Mbona haikuzima Januari? Kwa sababu ilikuwa inaangalia wastani tangu tangazo lilipoanza. Siku nzuri za Desemba ziliziba siku mbaya za Januari, na wastani ukabaki chini ya 60. Ingeangalia siku 7 za mwisho tu, ingezima mapema.

Ya tatu: kila Jumatatu washa matangazo yote. Hii ilikuwa ya msimu wa Krismasi, kwa sababu Jumapili walikuwa wakizima. Msimu ukaisha, kanuni ikabaki. Taarifa zake zilikuwa zikienda kwenye barua pepe ya zamani ya kijana, ambayo hakuna aliyeifungua.

Sasa kazi tunayowaomba. Chukueni daftari la kawaida, lile la mistari. Kila kanuni mliyo nayo iandikwe kwa Kiswahili au Kidawida: kama nini, basi nini, ikiangalia siku ngapi, ikifanya kazi saa ngapi, mwisho wake shilingi ngapi, aliyeiweka ni nani na kwa sababu gani. Kanuni ambayo kikao hakiwezi kuieleza kwa maneno yetu, izimwe. Msiifute, izimeni tu, maana mnaweza kuihitaji kama ushahidi. Halafu tazameni kama kanuni mbili zinapingana, moja inazima na nyingine inawasha, kama ilivyotupata.

Angalieni pia saa za akaunti. Kanuni hufuata saa iliyowekwa pale ilipofunguliwa. Kama ni ya Los Angeles, saa sita usiku yao ni saa nne au saa tano asubuhi hapa Voi. Na bajeti ya siku si ukuta: Google wenyewe wanaeleza kwamba siku moja matumizi yanaweza kufika mara 2 ya bajeti, ingawa kwa mwezi hayapiti mara 30.4. Kwa hiyo sisi tunapendelea kadi iwekwe pesa za tangazo peke yake, pesa za mkonge zikae mbali.

Kijana tulimwendea, sisi na mama mwenyekiti, tukamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza, "Kwani hamkuweza kunipigia simu?" Hatukuwa na jibu. Ile kanuni ya Jumatatu aliizima yeye mwenyewe mbele yetu, na ya pili akaibadilisha iangalie siku 7. Ya kwanza bado inabishaniwa kikundini. Wengine wanaitaka na kikomo cha shilingi 500, wengine hawaitaki kabisa.

Daftari lao tumekuja nalo, mnaweza kulipitia. Walio na akaunti tayari, toeni simu zenu tuanze na ukurasa wa historia.