Kupona saratani ya tezi dume si kufika mwisho

Mzee wa Iramba au Manyoni, mkoani Singida, akirudi kutoka kupigwa mionzi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, ukoo mzima hushangilia: amepona. Hatumwoni akitafuta kiti cha karibu na mlango wa basi, suruali ya akiba kwenye kibegi, kwa kuwa mkojo haumsubiri. Sindano za homoni humletea joto la ghafla usiku na kudhoofisha mifupa. Nguvu za kiume hupungua, naye hafungui mdomo hata mbele ya mkewe. Ukimya huo ndio unaoniuma zaidi, maana mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia wengi, na dawa zipo. Baba zetu wa Singida, siku ya kliniki mwambieni daktari yote. Nanyi mama zetu, ingieni nao.