Shamba Lililo Njiani mwa Ndovu: Tuuze, Tutoe au Tukodishe?

Hotuba ya kamati ya fedha katika harambee ya mwaka



Hesabu za mwaka mnazo mikononi, kwa hivyo hatutazisoma tena. Tunaomba dakika hizi kwa swali ambalo mmekuwa mkituuliza kila tukikutana matangani na harusini. Shamba la familia liko kando ya msitu, ndovu wanapita, mahindi hayavunwi. Dalali amekuja na bei yake. Watu wa uhifadhi nao wamekuja na ombi lao. Tufanyeje?

Sisi watu wa Kwale si wageni wa jambo hili. Katikati ya miaka ya 1990, wenye mashamba kati ya Hifadhi ya Shimba Hills na Msitu wa Mwaluganje, Waduruma na Wadigo, walikubali kuacha kulima ili ndovu wapate njia. Ndiyo Hifadhi ya Ndovu ya Mwaluganje tunayoijua. Hawakuuza. Kila mmoja alihesabiwa hisa kwa ekari zake, na mapato ya lango yakagawanywa kwa kipimo hicho. Baadaye hata kinyesi cha ndovu kikawa karatasi za kuuza.

Lakini mhasibu hatazami mwaka mzuri peke yake. Fujo za Likoni za 1997, vurugu za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, na Korona mwaka 2020, kila mara watalii walitoweka Pwani. Mwenye shamba anayetegemea kiingilio cha lango pekee hubeba hasara hiyo yeye, na ndovu hawapunguzi kula.

Wenzetu wa bara wamejaribu njia nyingine. Kule Kitengela, kuanzia mwaka 2000, wafugaji walilipwa takriban shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza vipande vipande. Familia yenye ekari 60 ilipata shilingi 18,000, na malipo yaligawanywa mara tatu kufuata karo za shule. Si utajiri, lakini yanajulikana mapema. Naboisho, kando ya Maasai Mara, zaidi ya wamiliki 500 waliunganisha mashamba yao mwaka 2010, wakakodisha kwa pamoja kwa kampuni za utalii. Hati zilibaki kwa majina yao.

Basi tupime njia tatu. Ukiuza, fedha huja mara moja, na wajukuu hawana pa kurudi. Ukitoa kabisa, wazee wanaojua wakfu hawahitaji kufundishwa: kilichotolewa hakirudi. Kutoa ni moyo, na atakayetoa tutamheshimu, mradi mkewe au mumewe na warithi wamekubali. Ya tatu ni kubaki na shamba na kuruhusu matumizi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamruhusu mwenye ardhi, peke yake au na wenzake, kuanzisha hifadhi. Pia inatambua makubaliano, ya muda au ya kudumu, kwamba sehemu fulani haitalimwa wala kujengwa. Tahadhari: makubaliano hayo humfunga hata atakayelinunua shamba baadaye. Yasomwe na wakili wa familia, asiwe wakili wa upande wa pili.

Kwa maoni ya kamati, njia ya tatu ndiyo inayotufaa wengi, ikiwa mambo manne yameandikwa: kodi ya chini inayolipwa watalii waje wasije, tarehe za malipo, muda wa mkataba, na haki ya kukagua vitabu vya hesabu.

Sasa tufike penye uchungu. Mashamba mengi ya kwetu bado yana jina la babu, na babu tulimzika zamani. Mkataba halali hauwezi kusainiwa na marehemu. Anayekodisha au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama anafanya kosa la jinai. Hapo ndipo dalali hupata mlango: humtafuta mwana mmoja mwenye shida, humpa kitu kidogo, na ndugu hupata habari wakiona mawe ya mipaka. Aliyebaki nyumbani analinda mahindi usiku. Sisi wa mjini tunashindwa hata kukaa kikao cha mirathi.

Kwa hivyo tunaomba harambee ya leo ianzishe mfuko wa mirathi na hati. Utalipia ada za Mahakama ya Kadhi kwa Waislamu na mahakama nyingine kwa wasio Waislamu, tangazo katika gazeti rasmi la serikali, na mpima ardhi. Familia itapewa mkopo usio na riba. Fedha zitalipwa moja kwa moja panapohusika, si mkononi mwa mtu, na stakabadhi zitachapishwa katika kijitabu cha mwakani. Sharti letu ni moja: wajane na mabinti waandikwe kati ya warithi, wasirukwe.

Kabla ya kuondoka leo, kila familia iandike kwenye fomu iliyo mezani namba ya shamba na jina lililo kwenye hati. Fomu hiyo ni bure. Mchango ufuate, kila mtu kwa uwezo wake.