Kibanda cha Filamu na Memori Kadi: Faili la Video Tusilolijua Linavyoingia Butembo na Beni



Mada niliyopewa ni hatari ya kupakua video tusizozijua kwenye intaneti. Nimejiuliza: hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, ni nani hasa anayepakua? Mega za intaneti ni ghali. Wengi wetu tunampelekea kijana wa kibanda memori kadi, anatujazia filamu kwa franka chache, tunaondoka. Yeye ndiye anayepakua kwa niaba ya mtaa mzima. Kompyuta yake ikiugua, anaugua hata mama ambaye hajawahi kuingia kwenye intaneti.

Tutazame faili moja kwa karibu. Limeandikwa "filamu_mpya.mp4" na lina alama ya video. Lakini Windows ina mazoea ya kuficha mwisho wa jina, ukiufichua unasoma "filamu_mpya.mp4.exe". Hiyo ni programu iliyovaa nguo za filamu. Kwenye simu za Android, mwisho wa namna hiyo huwa "apk". Pima pia uzito wake: filamu ya saa moja na nusu kwa kawaida ni mega mia kadhaa. Ikija na mega tano, uliza picha zimekaa wapi.

Hata video halisi si salama kila mara. Mwaka 2015 lilifichuliwa tundu la Android lililoitwa Stagefright: faili la MP4 lililotengenezwa kwa hila liliweza kumpa mvamizi njia ya kuingia. Novemba 2019 WhatsApp nayo ilitangaza tundu la MP4 ambalo ilikuwa imeliziba. Viraka hutolewa, ila simu nyingi za mtumba zimekwisha kuachwa bila masasisho. Mwaka 2024 watafiti wa ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza hila iliyopitia kwenye Telegram ya Android: programu ilijionyesha kama video, ukiigusa unaambiwa haichezeki, kisha unaombwa ruhusa ya kusakinisha kitu kingine. Na simu zetu nyingi huuliza kwa Kifaransa. Asiyekisoma anabonyeza tu, mradi aone video.

Kwetu, mara nyingi kidole kinasukumwa na hofu. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalianza Oktoba 2014, na tangu hapo mwenye ndugu huko Oicha au Eringeti hawezi kuona faili lililoandikwa "mauaji ya leo" akalipita. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, tuliona sauti na video zisizo na mwenyewe zikizunguka simu hadi simu. Simlaumu anayefungua. Mwizi akilipa faili lake jina kama hilo, hahitaji ujanja mwingine.

Zamani virusi vikiingia ulipoteza nyimbo. Leo simu ndiyo pochi, yenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ndani. Programu iliyoruhusiwa kusoma meseji na kutazama skrini inaona biashara yako yote. Sheria tunayo, ile ya mambo ya kidijitali ya 13 Machi 2023, lakini mwizi mwenyewe huenda yuko nchi usiyoijua.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwenu wenye vibanda. Leo jioni, kabla ya kumjazia mteja wa kwanza, fungueni mipangilio ya Windows mruhusu mwisho wa majina ya mafaili uonekane. Kazi hiyo haimalizi dakika moja, na haili mega hata moja.