Mgeni wa Siku ya Tatu: Mkahawa wa Kanisa na Mwanafunzi Asiyehitimu

Mada kwa semina ya wachungaji, wazee wa kanisa na walimu wa ufundi, Maseno

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna kanisa linavyoweza kufungua mkahawa wa kahawa utakaowafunza kazi watu wazima wenye ulemavu. Nitakayosema ni maoni yangu, si msimamo wa ofisi iliyoniajiri.

Maseno panafaa. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha shule hapa mwaka 1906, na hospitali nayo waliijenga. Leo tuna Shule ya Viziwi ya Maseno, tuna chuo kikuu kinachofundisha walimu wa elimu maalumu, na barabara ya Kisumu kwenda Busia inapita mlangoni. Wateja wapo, na wanaotafuta kazi wapo. Hata kahawa si ngeni kwa kanisa: inaelezwa kwamba wamisionari Wakatoliki waliipanda Bura, Taita, mwaka 1893.

2. Maana ya maneno

Hapa sitakawia. Ulemavu sote tunaujua, na haki za wenye ulemavu zimo katika kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Sheria ya 2003 imeipisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2025. Mkahawa, kwa asili ya jina, ni mahali pa kahawa, ingawa kwetu ni mahali pa chai ya maziwa, mandazi na chapati madondo. Nashauri hivyo navyo viuzwe, maana kahawa peke yake haitalipa kodi ya nyumba. Mafunzo ni safari yenye mwanzo na mwisho. Neno hilo la mwisho ndilo lililonileta.

3. Mfano wa Iringa

Jirani zetu wametutangulia. Mwaka 2003, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana Tanzania ilianzisha Neema Crafts mjini Iringa. Walianza na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi, hata kutokana na kinyesi cha tembo. Baadaye kukawa na ufumaji, shanga, na mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja huandika anachotaka kwenye karatasi, na chakula kinafika. Ninalowaomba mlizingatie ni hili: mtu pale hufunzwa kazi, kisha huajiriwa kuifanya.

4. Tatizo: mafunzo yasiyo na mwisho

Niruhusuni nikae hapa kidogo, kwa sababu jambo hili nimelipigania kwa miaka mingi.

Namfahamu mwanamume ambaye amefunzwa ushonaji, kisha shanga, kisha uokaji, kisha kahawa. Vyeti vyake ameviweka kwenye mfuko wa nailoni, na vyote vinasema jambo moja: alihudhuria. Katika mkahawa wa mwisho, ambao sitautaja, alikaa miaka sita. Ndiye aliyefungua mlango saa kumi na mbili asubuhi, akawasha mashine, akapima unga wa kahawa gramu 18 kwa kikombe, na kuwaonyesha wapya namna ya kuosha vyombo. Kwenye daftari la malipo aliandikwa "mwanafunzi", akapewa nauli. Nilipouliza atahitimu lini, nikaambiwa bado anajifunza. Aliyenijibu alikuwa akinywa kahawa iliyotengenezwa na mtu huyo.

Silaumu moyo wa mtu. Najua hali hii hutokea vipi. Mfadhili huuliza wangapi wamefunzwa, haulizi wangapi wanalipwa. Mwanafunzi hodari ndiye anayeuweka mkahawa hai, kwa hiyo hakuna anayetaka aondoke. Familia inaogopa atarudi kukaa nyumbani. Na sisi watu wa kanisa tumezoea kumwona kama mgeni wa kuhurumiwa. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumemweka mgeni miaka sita, jembe analo mkononi, ila mavuno hagawiwi.

Upo pia ukuta wa mtihani. Niliwahi kumpeleka binti kiziwi kwenye mtihani wa ufundi. Maswali yaliandikwa kwa Kiingereza, na mkalimani tuliyeahidiwa hakufika. Alianguka. Lakini binti huyo nilimfundisha mwenyewe kupasha maziwa kwa mvuke. Kwa kawaida tunamwambia mwanafunzi asikilize: maziwa huanza kwa sauti kama ya karatasi inayochanwa, kisha hutulia. Yeye aliweka kiganja kwenye ubavu wa jagi, akahisi mtetemo ukipungua, akafunga mvuke pale joto lilipomshinda kuvumilia. Nilitumbukiza kipimajoto: nyuzi 62. Akarudia mara tano, na hakuvuka 65 hata mara moja. Alikuwa amemaliza kujifunza. Kilichobaki kilikuwa juu yetu.

Sheria haituachi gizani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na kuagiza malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 27 kinahusu kazi. Anayeuza kikombe kwa bei ya soko amefanya kazi ya soko.

5. Mapendekezo

Napendekeza, kwa heshima, kwamba:

(a) Kila mwanafunzi aandikiwe tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza kabla hajafunga aproni.
(b) Mafunzo yasizidi mwaka mmoja; anayehitaji muda zaidi, sababu iandikwe naye akiwepo.
(c) Siku ya kuhitimu ifuatwe na barua ya ajira, hapo mkahawani au kwingine.
(d) Anayefungua duka na kufundisha wengine aitwe mfanyakazi na alipwe mshahara.
(e) Mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya atengewe fedha tangu bajeti ya kwanza.
(f) Mtihani wa ufundi uwe wa vitendo kwanza, na mkalimani awepo.
(g) Wahudumu wote, hata wasio na ulemavu, wajifunze ishara za kazi.
(h) Kanisa lizungumze mapema na hospitali, chuo kikuu na hoteli za Kisumu kuhusu nafasi za wahitimu.
(i) Taarifa kwa mfadhili ianze na idadi ya wanaolipwa.
(j) Vyeti vya afya na leseni ya kaunti vipatikane kabla ya kufungua.
(k) Nusu ya kamati ya mkahawa iwe watu wenye ulemavu.
(l) Na narudia kwa kuwa ndilo jambo lenyewe: tarehe ya kumaliza iandikwe, na iheshimiwe.

6. Hitimisho

Mkahawa huu unaweza kufunguliwa. Mashine inanunulika na kahawa yetu ni nzuri. Ninachoomba ni kwamba siku ya ufunguzi, pamoja na maombi na kukata utepe, kanisa lionyeshe daftari la mishahara lenye mistari mitupu, likisubiri majina ya wahitimu wa kwanza. Tukikutana tena hapa baada ya mwaka, nitaomba kuliona daftari hilo kabla sijaagiza kikombe.