Asiyefunga Bao Naye Amecheza



Ndugu wasikilizaji wapendwa, mwaka 2018 Ufaransa ilitwaa Kombe la Dunia nchini Urusi. Mshambuliaji wake wa kati, Olivier Giroud, alicheza katika mechi zote saba asifunge hata bao moja. Wachambuzi wa soka wakamhesabia dakika, wakamlaumu. Hawakuhesabu mipira aliyoituliza huku mabeki wakimsukuma, wala nafasi walizopata Griezmann na Mbappé, waliofunga mabao manne kila mmoja. Kocha wake, Didier Deschamps, aliyaona hayo, akampanga hata katika fainali.

Mtume Paulo anawafundisha Wakorinto kwamba katika mwili mmoja hakuna kiungo cha kudharauliwa (1 Kor 12). Je, sisi tunawatazamaje wenzetu? Katekista ametembea kwa miguu mwaka mzima akiwafundisha watoto wetu. Siku ya Kipaimara mtoto mmoja akikosea jibu mbele ya Askofu, twasema, “Hakuwafundisha huyu!” Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja moyo wa mtenda kazi. Naye akikata tamaa, kigango kizima hubaki bila mwalimu.

Ndugu zangu, wiki hii, kabla ya kumlaumu mtu, tujiulize: ni kazi gani ameifanya nisiyoiona? Kisha twende tukamshukuru, maana Baba yetu wa mbinguni huyaona hata yanayotendwa sirini, naye ndiye Hakimu wetu sote. Amina.